Ashiki Isiyotamkwa: Maneno, Ala na Udhibiti katika Opera ya Ulaya

1.0 Utangulizi

Sisi wahakiki wa fasihi, tunapopata fursa ya kuijadili opera, tumezoea kuichukua matini yake ya kuimbwa, yaani libreto, na kuihakiki kama tamthilia nyingine yoyote. Tunaangalia wahusika, migogoro, maudhui na lugha, kisha tunaufunga mjadala. Muziki tunawaachia wenye fani yao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa mazoea hayo yanatupotosha, hasa pale opera inaposhughulikia mapenzi ya kimwili, kwa sababu katika uwanja huo maneno husema lake na ala zikasema lake.

Mfano mmoja utatosha kulifungua suala hili. Mwezi Desemba 1910 opera ya Salome ya Richard Strauss ilionyeshwa London katika jumba la Covent Garden, chini ya uongozi wa Thomas Beecham. Opera hiyo, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Dresden tarehe 9 Desemba 1905, ilikuwa imekwisha kuzua fitina katika miji kadhaa. Huko Vienna, Gustav Mahler aliomba kibali cha kuionyesha katika jumba la opera la kifalme akanyimwa. Huko New York iliondolewa jukwaani baada ya onyesho moja tu, la tarehe 22 Januari 1907. Ofisi ya Lord Chamberlain, iliyokuwa na mamlaka ya kudhibiti michezo ya jukwaani nchini Uingereza, ilikubali kutoa kibali kwa masharti. Yohana Mbatizaji asitajwe kwa jina, aitwe Nabii tu. Maneno ya tamaa ya mwili yageuzwe yawe maneno ya mtu anayetafuta uongozi wa kiroho. Kichwa kilichokatwa kisionekane juu ya sinia. Beecham anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba usiku wa onyesho waimbaji walianza kwa uangalifu, kisha wakateleza mmoja baada ya mwingine na kurudia maneno ya asili. Na kwamba pazia liliposhuka, wakubwa wa ofisi hiyo walikuja kumshukuru kwa kuyatimiza matakwa yao. Opera iliimbwa kwa Kijerumani.

Kisa hiki kinachekesha, lakini kina jambo zito ndani yake. Masharti yote yalihusu maneno na vifaa vya jukwaani. Okestra, ambayo Strauss aliitungia wapigaji wapatao mia moja, na ambayo ndiyo hasa inayoibeba tamaa ya mchezo ule tangu mwanzo hadi mwisho, haikuguswa. Mdhibiti hufanya kazi kwa kalamu, na kalamu hufuta kinachosomeka. Filimbi ikilialia chini ya sentensi ya kitawa haina neno la kukatwa. Hoja yangu ni kwamba watunzi wa opera waliufahamu mwanya huo mapema sana wakaihamishia ashiki kwenye ala. Na kwamba alipotokea mtunzi ambaye ala zake zilishtakiwa zenyewe, mnamo 1936, waliomshtaki walikuwa na masikio ya kusikia kelele tu, wakaikosa ashiki iliyokuwa pale pale mbele yao.

Kwa msomaji aliyelelewa na taarabu jambo hili lina sura ya kugeuzwa. Katika taarabu fumbo huwa ndani ya maneno: mwimbaji hutaja ua, tunda au chombo baharini, na hadhira ikacheka au ikatoka kutunza kwa kuwa imekwisha kuelewa. Fidla na kanuni huyapamba yaliyokwisha kusemwa kwa mafumbo. Katika opera ninazozijadili hapa maneno mara nyingi ni ya wazi au ya kitawa, na mwenye kulibeba fumbo ni mpigaji ala.

1.1 Istilahi

Kiswahili kina maneno mengi ya uwanja huu, na kila moja lina kivuli chake. Ngono hutaja kitendo. Mapenzi ni neno pana mno. Huweza kuwa ya mzazi kwa mwana au ya raia kwa nchi yake. Mahaba yana upole, ndiyo maana washairi huyapenda. Ashiki, lenye asili ya Kiarabu, limebeba ile shauku inayomtaabisha mwenye nayo: mtu hushikwa na ashiki kama anavyoshikwa na homa. Nitatumia ashiki kwa hali ya kutamani, na ngono kwa kitendo. Tofauti hii si ya kupamba ukurasa, kwani opera mbili nitakazozijadili kwa kirefu zinatengana hapo hasa.

Kwa upande wa muziki, sauti kadhaa zinazolia kwa pamoja nitaziita mwungano. Mwungano usiotulia, unaolifanya sikio lidai kingine baada yake, nitauita mwungano wenye mvutano. Pale muziki unapofika na kupumzika nitapaita kituo, neno ambalo washairi wetu hulitumia kwa mshororo wa mwisho wa ubeti.

2.0 Venice, 1643

Tuanze mbali kidogo, tena kwa ufupi. L'incoronazione di Poppea, opera ya Claudio Monteverdi, ilionyeshwa Venice katika msimu wa kanivali wa 1643. Kisa chake kingemtia mdhibiti yeyote mashaka: Kaisari Nero anamfukuza mkewe Ottavia, anamlazimisha mwanafalsafa Seneca ajiue, kisha anamtawaza hawara yake Poppea. Hakuna anayeadhibiwa. Opera inakwisha kwa wimbo wa watu wawili, Nero na Poppea, ambao watafiti wengi wa leo wanaamini kuwa haukutungwa na Monteverdi mwenyewe bali uliongezwa kutoka kwa mtunzi mwingine wa wakati ule. Awe ni nani aliyeutunga, alijua alichokuwa akikifanya. Chini, besi inarudia noti nne zinazoshuka. Juu, sauti mbili zinafuatana, zinakaribiana hadi kugongana, zinaumizana kidogo, kisha zinaachiana.

Linalotuhusu zaidi ni aina ya sauti zenyewe. Nero aliimbwa na kastrato, yaani mwanamume aliyehasiwa utotoni ili sauti yake isivunjike. Kwa hiyo wapenzi wote wawili wanaimba katika kimo kile kile, na msikilizaji aliyefumba macho huchanganyikiwa asijue mwanamume ni yupi. Mipaka ya miili miwili inapotea ndani ya sauti bila neno moja la aibu kutamkwa. Tusisahau hata hivyo gharama ya starehe hiyo: kwa zaidi ya karne mbili watoto wa kiume, wengi wao wa familia maskini za Italia, walikatwa ili masikio ya wengine yafurahi. Opera ilijua kuuficha mwili katika sauti, na ilijua pia kuutoa mwili kafara kwa ajili ya sauti.

3.0 Wagner na kituo kinachocheleweshwa

Tristan und Isolde ya Richard Wagner ilitungwa kati ya 1857 na 1859. Wagner alikuwa amemsoma Schopenhauer tangu 1854, na kutoka kwake alijifunza kuiona dunia kama utashi usiotosheka, utamanio ambao kila ukipata unaanza kutamani tena. Wakati huo huo alikuwa amempenda Mathilde Wesendonck, mke wa mfadhili wake. Wahakiki wamebishana sana kuhusu kipi kilimwongoza zaidi, kitabu au mwanamke. Mimi sioni faida ya ubishi huo. Lililo muhimu ni kwamba alitafuta njia ya kiufundi ya kuifanya sauti yenyewe itamani, na akaipata.

Njia yenyewe inasikika ndani ya sekunde chache za mwanzo. Selo zinaanza peke yake, kwa upole. Zinaruka juu, zinateremka taratibu, kisha obo na ala nyingine za kupuliza zinaungana nazo katika mwungano wa noti nne: F, B, D kali na G kali. Ni mwungano wenye mvutano mkubwa. Noti ya juu inapanda nusu hatua kwa nusu hatua kama mtu anayenyoosha mkono gizani, na mwungano unahamia kwenye mwingine. Msikilizaji anategemea kupumzika, lakini huo wa pili nao una mvutano wake na unadai wa tatu. Wa tatu hauji. Kunakuja kimya. Kisha jambo lile lile linarudiwa, juu zaidi, kimya tena, kisha juu zaidi. Yeyote aliyewahi kumngoja mtu asiyefika hahitaji somo la nadharia ya muziki ili aelewe.

Wagner anaikataa haki hiyo ya kituo kwa takriban saa nne. Katika Sehemu ya Pili wapenzi hao wanakutana usiku bustanini, mfalme Marke akiwa ameenda kuwinda. Asomaye libreto peke yake atashangaa, pengine atachoka, kwa kuwa watu hawa wanakaa kwenye ukingo wenye maua wakizungumzia mchana na usiku, uhai na mauti, hata kiunganishi kinachoyaunga majina yao mawili. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika katika insha yake kwamba wapenzi hao walihitaji kufungiwa vitabu vyao. Lakini chini ya mjadala huo wa kifalsafa okestra inafanya jambo jingine kabisa. Inapanda kwa mawimbi. Kila wimbi linavunjika kabla ya kufika. Linalofuata linaanzia juu kidogo na kwenda kwa kasi zaidi. Wimbi la mwisho linapokaribia kabisa kituo chake, mtumishi Brangäne anapiga yowe, Kurwenal anaingia mbio, na nyuma yake mfalme. Kituo kinakatwa kwa kelele ya mwungano mkali. Jukwaani hakuna kilichotendeka ambacho mdhibiti angeweza kukiandika katika ripoti yake. Masikioni kila mtu anajua kimetokea nini, na kimekatizwa wapi.

Muziki huo huo unarudi mwishoni mwa Sehemu ya Tatu. Tristan amekwisha kufa. Isolde, akiwa amesimama juu ya maiti, anaimba tena mawimbi yale ya bustanini, na safari hii hakuna anayeingia. Wimbi linafika. Baada yake obo zinaichukua ile noti ya mwanzo iliyokuwa ikinyoosha mkono, zinaipandisha kwa mara ya mwisho, na mwungano wa B unatulia. Ngono ambayo haikuonyeshwa inapata ukamilifu wake ndani ya kifo. Na huo ndio uamuzi wa Wagner, si wa sheria ya muziki. Angeweza kukileta kituo bustanini.

Mtunzi alitambua hatari yake. Mnamo 1859, katika barua kwa Mathilde, alieleza hofu kwamba opera hiyo ingepigwa marufuku, na kwamba maonyesho mabovu ndiyo yangeweza kumwokoa, kwani yakiwa mazuri kabisa yangewatia watu wazimu. Vienna walifanya mazoezi zaidi ya hamsini wakashindwa. Ilipoonyeshwa hatimaye Munich, tarehe 10 Juni 1865, kiongozi wa okestra alikuwa Hans von Bülow. Mkewe, Cosima, alikuwa amejifungua mtoto wa kike miezi miwili kabla, tarehe 10 Aprili. Mtoto aliitwa Isolde, na baba yake alikuwa Wagner.

4.0 Carmen: nani aliyepoteza nyumba?

Wagner aliitungia ashiki ya watu wawili wanaotamaniana kwa usawa. Georges Bizet, miaka kumi baadaye, alikabiliwa na suala gumu zaidi: mwanamke anayetamaniwa na mwanamume asiyevumilia kuachwa. Carmen ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris katika jumba la Opéra-Comique tarehe 3 Machi 1875. Jumba hilo lilikuwa la familia. Wazazi waliwaleta mabinti zao huko wapate kuonana na wachumba. Mmoja wa wakurugenzi wake, Adolphe de Leuven, alipinga vikali mauaji ya jukwaani na aliondoka kwenye wadhifa wake kabla opera haijakamilika. Bizet alifariki tarehe 3 Juni mwaka huo huo, hakuyaona mafanikio yake.

Hoja maarufu zaidi kuhusu opera hii katika miongo ya karibuni ni ya Susan McClary, katika kitabu chake cha 1991. Anasema kuwa muziki wa Micaëla, msichana mwema wa kijijini, unakaa ndani ya ngazi safi ya sauti, ilhali wa Carmen unateleza kwa nusu hatua kati ya noti na noti, na kwamba utelezi huo ndio mwili wake, unaovutia na kutisha. Kwa kuwa muziki wa Ulaya wa wakati ule ulidai kila utelezi urudishwe nyumbani, msikilizaji hufikishwa mahali ambapo anautamani mwisho, na mwisho wenyewe ni kisu cha Don José. Kabla yake Catherine Clément, mwaka 1979, alikuwa ameonyesha jinsi wanawake wanavyokufa katika opera moja baada ya nyingine. Lakini Clément alijikita katika hadithi. McClary alituonyesha kifo hicho ndani ya noti, na kwa hilo anastahili heshima.

Hata hivyo nadhani amesikia nusu ya wimbo. Ni kweli kwamba katika wimbo wa kwanza wa Carmen, ule wa mtindo wa habanera ambao Bizet aliuchukua kutoka kwa Sebastián Iradier, sauti inateremka kwa utelezi kutoka juu hadi chini. Lakini tusikilize chini yake. Besi inadunda kwenye D, ubeti baada ya ubeti, haiendi popote. Carmen anateleza kwa raha kwa sababu ana sakafu. Anajua nyumbani ni wapi. Anacheza tu mlangoni. Asiye na sakafu ni José. Katika wimbo wake wa ua, katika Sehemu ya Pili, wimbo ambao hadhira huupigia makofi kama tamko la mapenzi safi, sauti yake inapanda kwa woga hadi juu kabisa, kisha, pale anapotamka kuwa anampenda, ala za kupuliza zinaweka chini ya maneno yake miungano ya ajabu, isiyo na jamaa katika wimbo ule, kana kwamba ardhi imehamishwa. Maneno ni ya mchumba. Ala zinamjua kuwa ni mtu aliyepotea, na katika Sehemu ya Nne tunaona mtu aliyepotea hufanya nini. Anamuua Carmen nje ya uwanja wa mapambano ya ng'ombe huko Seville, umati ukishangilia ndani, na opera inafungwa kwa mwungano mkubwa wa meja, ngazi ambayo masikio ya Ulaya huihusisha na ushindi. Ushindi wa nani, Bizet hakusema.

Jambo hili lina uzito darasani. Mwanafunzi akifundishwa kwamba utelezi wa Carmen ndio ulioleta kisu, amekwisha kumhukumu Carmen, hata kama mwalimu alikusudia kumtetea.

5.0 Tromboni na baada yake

Mwaka ule ule wa 1865 ambao Tristan ilisikika Munich, Nikolai Leskov alichapisha nchini Urusi hadithi ya mke wa mfanyabiashara anayemwua mkwe wake na mumewe kwa ajili ya mpenzi. Dmitri Shostakovich, akishirikiana na Alexander Preis kuandika libreto, aliifanya opera: Lady Macbeth wa Wilaya ya Mtsensk. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba ilipoonyeshwa Leningrad, tarehe 22 Januari 1934. Siku mbili baadaye ilionyeshwa pia Moscow. Ilipendwa. Kwa karibu miaka miwili ilijaza majumba.

Mgogoro wote umelizunguka onyesho la tatu la Sehemu ya Kwanza, kwa hiyo tulitazame kwa makini. Katerina yuko chumbani peke yake usiku. Mumewe amesafiri. Sergei, kibarua mpya, anabisha hodi kwa kisingizio cha kuazima kitabu. Katerina hajui kusoma. Sergei anaanza kumshika, Katerina anamkatalia, wanavutana, na okestra inachukua nafasi ya maneno. Inakwenda mbio, kwa mdundo wa dansi ya mtaani, shaba zikigonga kwa nguvu na kupanda bila kujizuia hadi kileleni. Halafu tromboni zinateremka kwa mtelezo mrefu, zinalegea na kunyamaza. Haiwezekani kuukosea ujumbe. Opera hiyo ilipofika New York mwaka 1935, wahakiki wa magazeti waliunda hata neno jipya, wakiliunganisha jina la picha chafu na neno la sauti.

Hapa ndipo tofauti niliyoieleza mwanzoni inapofanya kazi. Wagner alituletea ashiki akaificha ngono. Kipande cha Shostakovich ni ngono isiyo na ashiki. Kina kasi, kina nguvu na kina dhihaka. Huruma haimo, wala kungoja hakumo, na kimya hakipati hata nafasi moja. Ni kipande kinachomcheka Sergei, kwa muziki wa aina ile ile anaotumia Shostakovich kuwacheka polisi na kasisi baadaye katika opera hiyo hiyo. Mtunzi mwenyewe alieleza mwaka 1934 kwamba ameiandika opera yake kama tanzia yenye kejeli, na kwamba mhusika anayestahili huruma ni Katerina peke yake. Anayedai kuwa tromboni hizo zinasherehekea mapenzi hajazisikiliza, na anayedai kuwa zinasherehekea nguvu za mwanamume amekosea zaidi. Maana kuvutana kule kunaanza kwa mwanamke kukataa, na muziki haulifuti kataao hilo. Unalipita kwa vishindo, kama Sergei mwenyewe.

Ashiki iko wapi basi? Iko dakika chache kabla, katika wimbo anaouimba Katerina kabla mlango haujabishwa hodi. Okestra karibu yote imenyamaza. Anasema kuwa kila kiumbe kina mwenzake, farasi dume ana jike lake, njiwa ana njiwa wake, na yeye peke yake hana wa kumkimbilia wala wa kumshika kiuno. Sauti inapanda bila haraka, inakaa juu kidogo kuliko tunavyotarajia, kisha inarudi chini kana kwamba imekumbuka kuwa hakuna msikilizaji. Ni muziki wa polepole, mtupu, wenye nafasi kati ya sauti na sauti. Humo ndimo mwili unamotamani. Kinachofuata, kitabu cha kuazima na tromboni, ndicho alichokipata.

Tarehe 26 Januari 1936 Stalin alikwenda kuitazama opera hiyo Moscow. Siku mbili baadaye gazeti la Pravda lilitoa makala isiyo na jina la mwandishi, yenye kichwa kinachomaanisha vurugu badala ya muziki. Makala ililalamika kwamba muziki unahema na kutweta ili kuyaonyesha mapenzi kwa njia ya kimaumbile kabisa, na kwamba kitanda cha wawili kimepewa mahali pa heshima katikati ya jukwaa. Pamoja na lawama hizo kulikuwa na onyo kuwa mchezo wa namna hiyo ungeweza kuishia pabaya. Katika Urusi ya 1936 onyo la aina hiyo halikuwa mchezo wa maneno. Opera iliondolewa. Mwezi Desemba Shostakovich aliiondoa simfoni yake ya nne ikiwa katika mazoezi. Haikusikika hadi 1961.

Naliona tukio hili kuwa la kipekee katika historia ya udhibiti, kwa kuwa ala zilishtakiwa zenyewe. Ofisi ya London mwaka 1910 iliridhika na jina la nabii na sinia; Pravda ilisikiliza, au angalau ilifikiri inasikiliza. Nyuma ya shtaka hilo kulikuwa na siasa za wakati, zikiwemo sera mpya za familia ambazo mwaka huo huo zilipiga marufuku utoaji mimba na kuifanya talaka kuwa ngumu. Lakini kwa msomi wa fani lililo muhimu ni kile kilichosikika na kile kilichokosekana. Makala ilitaja kuhema. Wimbo wa Katerina haikuutaja.

Marekebisho yalifuata mkondo huo, tena kwa namna inayosikitisha. Shostakovich aliirudia opera hiyo katika miaka ya 1950, na toleo jipya, lenye jina la Katerina Izmailova, lilizinduliwa rasmi Moscow mwezi Januari 1963. Kipande cha tromboni kilikuwa kimelainishwa. Maneno ya wimbo wa Katerina nayo yalikuwa yamebadilishwa: farasi na wanyama wenzake wametoweka, na badala yao mwanamke anaeleza kuwa siku moja aliona dirishani kiota cha njiwa chini ya paa. Ni picha safi, inayofaa kitabu cha shule.

Shostakovich alikuwa amekusudia kutunga mfululizo wa opera kuhusu wanawake wa Urusi, Katerina akiwa wa kwanza. Hakumaliza opera nyingine ya uzito huo hadi alipofariki mwaka 1975. Toleo la asili lilirudi masikioni mwa watu kwa kurekodiwa London na Mstislav Rostropovich, mkewe Galina Vishnevskaya akiimba sehemu ya Katerina. Santuri zake zilitolewa mwaka 1979. Vishnevskaya huyo huyo alikuwa amemwimba Katerina katika filamu ya 1966, iliyotumia toleo lililorekebishwa. Mwalimu atakayepata zote mbili asianze na tromboni, ingawa wanafunzi watazidai. Aanze na wimbo ule wa upweke, kwanza katika filamu, wenye kiota cha njiwa, kisha katika santuri, wenye maneno ya asili, sauti ikiwa ni ya mwimbaji yule yule. Awaulize wanafunzi, kabla hawajapewa tafsiri yoyote, mwanamke huyu anataka nini. Maneno mawili tofauti yamewekwa juu ya upandaji ule ule wa sauti, ule unaokaa juu kidogo kuliko tunavyotarajia, na hapo ndipo majibu yao yanafaa kupimwa.